Kaya nne tunataka kuhamia shamba Nanyamba tuishi maisha ya asili kwa pamoja, tuanzie wapi?

fundi_wa_Magomeni

Habari zenu wakuu, na wazee wangu humu shikamooni.

Nina jambo linaninyima usingizi mda mrefu sasa. Naishi Mtwara mjini, Magomeni, nina mke na watoto watatu, kazi yangu fundi umeme. Mjomba wetu mkubwa alifariki mwaka juzi akaacha shamba upande wa Nanyamba, eka saba, mikorosho kama themanini mingine imezeeka sana, miembe, na kipande cha pori ambacho hakijawahi kulimwa hata yeye hakukigusa. Kwa mila zetu shamba limekuja upande wa mama, ukoo umekaa kikao ukakubaliana mimi na dada zangu wawili tulitumie ila tusiuze. Kuna rafiki yangu na mkewe nao wanataka kuungana na sisi kwa hiyo tuko kaya nne.

Tunachotaka ni kuacha haya maisha ya kununua kila kitu, maji unanunua, mkaa unanunua na kila mwezi umepanda, mchicha unanunua na hujui umemwagiwa nini, mwanangu wa pili ana miaka 9 juzi kaniuliza mbaazi inaota chini kama karanga au juu, nikaumia kwa kweli maana mimi umri huo nilikuwa nazichuma. Tumewaza tujenge nyumba za udongo zilizo imara, tuvune mvua, tupikie kuni chache, tulime bila dawa za dukani, mlo wa jioni tule wote pamoja, na hela ya korosho iingie mfuko mmoja. Ramani nimeshachora kwenye daftari, nyumba nne zinazunguka uwanja, katikati jiko moja kubwa na kisima.

Dada yangu anasema tuanze na nyumba maana bila nyumba hakuna kuhama, mke wangu anasema tuanze na kilimo. Waliowahi kuishi hivi au kujaribu naomba mniambie ukweli, tuanzie wapi na tujihadhari na nini? Na wenyeji wa kijiji tuwaendee vipi wasituone watu wa mjini tumekuja na mambo yetu.

Mama_Newala

Mdogo wangu hongera, na mjomba Mungu amrehemu. Umesema ramani ina kisima katikati, kisima cha nini? Huku juu tambarare ya Makonde maji ya chini yako mbali mno, ndio maana toka enzi za mkoloni maji yalisukumwa kwa mashine kutoka bondeni Mitema kuletwa huku juu, na bomba likikaa kimya tunajua wenyewe, mimi nimekua nashuka bondeni na mama saa tisa usiku na ndoo kichwani na kurudi jua limeshatoka. Nyumba tuachie kwanza, kilimo pia tuachie, wewe anza na tenki la mvua la chini ya ardhi, ukishakuwa na maji hayo mengine yatakuja yenyewe na ukikosa maji mtarudi Magomeni mwezi wa tisa tu.

Hesabu yake rahisi na wewe ni fundi utaielewa. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye bati la mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la nyumba ya mita 6 kwa 10 ni mita 60, mwaka mzuri huku mvua inafika milimita 900, zidisha hapo ni lita 54,000, toa robo inayomwagika na kupeperushwa bado una 40,000. Sasa watu watano kila mtu lita 20 ni lita 100 kwa siku, toka mvua zinakata mwezi wa tano mpaka zinarudi mwishoni mwa wa kumi na moja ni kama siku 200, yani lita 20,000 zinawatosha kiangazi chote na choo cha maji msiweke. Umeona, mvua ipo ya kutosha, shida ni pa kuiweka.

Na jambo hili usilisahau, shamba lako lina mikorosho na majirani wana mikorosho, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane watu wanapuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, na ile unga inatua juu ya bati inakaa pale miezi. Mvua ya kwanza na ya pili usikinge kabisa, weka bomba la kupindua iende nje, mwaka wetu wa kwanza hatukujua tukakinga yote tenki zima likanuka kiberiti tukafulia nguo tu.

Sisi tuko nyumba tano na tenki moja tulilochimba kwa zamu, wanaume wanachimba, sisi tunabeba udongo na kupika. Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa raha. Mwaka wa tatu mwezi wa kumi asubuhi moja nimeenda kuchota, nashusha ndoo nasikia inagonga chini, ngo! Nikalala kifudifudi nikamulika na simu, kumebaki dimbwi la kiganja na nikaona mzizi wa mwembe umetoboa ukuta umeingia ndani mwembamba kama mkia wa panya, maji yote yamepitia hapo taratibu na hakuna aliyejua maana hakuna aliyekuwa anapima. Kununua vya kuzibia likawa jambo lingine, saruji mifuko miwili tu ila nyumba tano tulizozana wiki tatu nani atoe, huyu anasema mimi nina watu wachache, yule anasema mwembe ni wa kwako. Toka hapo kila ndoo ni shilingi 50 inaingia kwenye kopo, ufunguo anakaa nao mtu mmoja kwa mwezi halafu unahama nyumba, na kuna fimbo ndefu imewekwa alama tunachovya kila ijumaa tunaandika. Hatujazozana tena na kopo limeshalipia mfuniko mpya wa zege.

kuchele_88

Kaka kuhusu nyumba niongeze kidogo, mimi fundi ujenzi. Nyumba ya miti na udongo sio nyumba mbovu, inaharibiwa na vitu viwili tu, maji ya chini na mchwa. Inua msingi wa mawe angalau futi moja na nusu, paa litoke nje ya ukuta mita nzima mvua isipige udongo, miti ya kusimamisha usiizike kwenye ardhi ikae juu ya mawe, na kila mwaka kabla ya mvua mkandike upya palipochanika. Ukitaka zaidi ya hapo piga tofali za kufungamana, hizi watu wanaita intaloki, udongo na saruji kidogo unashindiliwa kwa mashine ya mkono hazichomwi kabisa. Tofali za kuchoma achana nazo tanuri moja linakula kuni za kutisha, utakuwa umefyeka hilo pori la mjomba kabla hujahamia.

Paa weka bati sio makuti, kwa ajili ya maji aliyosema mama.

Mwalimu_Mstaafu_Msx

Nimesoma kwa makini mwanangu na nimefurahi kuona vijana mnafikiria hivi, ila ile ramani ya nyumba nne kuzunguka uwanja imenirudisha mbali sana.

Nilikuwa darasa la tano tulipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa. Sisemi wazo lilikuwa baya, mpaka leo naamini watu kusaidiana ndio uhai wetu, shule niliyosoma na zahanati iliyomtibu mama yangu vilipatikana kwa sababu tulikaa pamoja. Ila tulipangiwa nyumba kwa kamba, mistari imenyooka kwelikweli, na mikorosho ya baba ilibaki kule tulikotoka mwendo wa saa mbili kwa mguu. Mwaka wa kwanza baba alikuwa anaenda kupalilia na kulala hukohuko. Mwaka wa pili akaenda mara chache. Wa tatu moto wa porini ukapita chini ya mikorosho kwa vile majani hayakufyekwa, tukaenda nae tukakuta miti imesimama myeusi, akawa anaishika mmojammoja bila kusema neno. Na haikuwa kwetu peke yetu, nchi nzima ilivuna korosho tani 145,000 msimu wa 1973/74 na kufikia 1986/87 zilikuwa kama tani 16,500 tu. Bei ilichangia na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulichangia sana, ila mtu kutenganishwa na miti yake nalo lilichangia na sisi tuliokuwepo tuliliona.

Sasa ninyi mmeshafikiria nyumba zitakaaje, je mmefikiria ni kitu gani hasa mtakuwa mnakitumia pamoja kila siku ambacho kikiharibika wote mnaumia? Mama wa Newala ana tenki. Hilo tenki ndilo lililowafanya wawe kundi, hawakuwa kundi kwanza halafu wakatafuta tenki. Mimi ningekushauri kila kaya ijenge pale inapoona karibu na mikorosho yake itakayoihudumia, hata kama ni mita mia mbili kutoka kwa mwenzake, jiko kila mtu awe na lake, na hela ya korosho kila mtu apokee yake. Mfuko mmoja wa kila kitu unavunja undugu, nimeona kwa macho yangu. Changieni kitu kimoja, kikisimama ongezeni cha pili.

fundi_wa_Magomeni

Mwalimu shikamoo. Hili la mfuko mmoja limenichoma maana ndio nilikuwa nalishikilia kuliko yote, nimemsomea dada yangu akanyamaza kidogo akasema mwalimu kasema kweli, yeye alikuwa anaogopa kuniambia. Mama nakushukuru sana kwa hesabu.

Naomba mnisaidie la wenyeji na hilo pori. Na salfa, tunataka kuacha kabisa.

mdau_Kilwa

Ndugu yangu fundi, la wenyeji ndio la kwanza kabla hata hujapeleka jembe. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mzee mmoja wa ukoo wenu anayejulikana pale, jitambulishe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, sema shamba ni la mjomba fulani na mnakuja kuishi sio kununua. Ardhi ya kijiji inaendeshwa kwa sheria namba 5 ya 1999, mnaweza kuomba hati ya haki miliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji, iandikeni majina yote matatu ya ndugu mliotajwa na kikao cha ukoo maana huko mbele watoto watauliza. Na yule rafiki yako msimuache hewani, muandikiane mbele ya kijiji yeye yuko pale kwa makubaliano gani, undugu wa maneno haufiki kizazi cha pili.

Kuhusu pori, usifyeke. Jioni mkiwa mnakula ming'oko, vile viazi vya porini, mjue imetoka kwenye pori kama hilo. Uliza jirani zako nani anachimba ming'oko mle, nani anachuma dawa, nani anaokota kuni kavu, utakuta wapo na mjomba wako alikuwa anawaruhusu. Ukiweka seng'enge siku ya kwanza umeshamaliza ujirani. Waite mkubaliane, kuni kavu ruksa, kukata mti mbichi hapana, ming'oko ukichimba kichwa chake unakirudishia ardhini na shimo unalifukia.

Huku kwetu Kilwa tumejifunza kwa msitu mkubwa zaidi. Sheria ya misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuumiliki, vijiji vya Kikole na Kisangi vikishirikiana na shirika la MCDI walipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009, msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe wa kwanza Afrika kupata cheti hicho. Mpingo ule, mti ambao anaupanda babu hauvuni hata mjukuu, unavunwa kwa hesabu na hela inaingia kijijini. Lakini kabla ya hela yoyote kulikuwa na miaka ya kutembea mipaka na kamba na rangi, kubishana huu mti uko kwetu au kwao, na kuandika sheria ndogo nani anatozwa faini gani. Watu wanaona madawati ya shule hawaoni zile siku za kutembea mpaka kwenye jua.

Na baharini hivyohivyo. Mama yangu ni mvuvi wa pweza, bamvua likitoka anaenda mwambani na nondo yake. Walipoambiwa wafunge mwamba miezi mitatu aligoma, akasema mtoto atakula nini. Pweza anakua haraka ajabu, ukimpa mda tu uzito unaongezeka mara mbili ndani ya mwezi akiwa mdogo, wenzetu wa Andavadoaka kule Madagascar walianza hivyo 2004. Walichofanya wakina mama hawakufunga mwamba wote, walifunga kipande kimoja, vipande vingine vikabaki wazi watu wakala. Siku ya kufungua mama alirudi na pweza mmoja amemning'iniza begani mikono inafika magotini, akasema mwakani tufunge na kile cha kusini. Kwa hiyo fundi, ukitaka kuwaambia watu waache kitu, acha wewe kwanza kipande chako na usiwafungie vyote kwa pamoja.

mkorosho_safi

Nije kwenye salfa maana hapo ndipo wengi wanaumia. Usiache yote msimu mmoja kaka nakusihi, miti yako ni mizee imesongamana na majirani wote wana ubwiriunga, utapoteza maua yote mwezi wa saba na familia zitasema hii asili yako imetuletea njaa.

Kwanza pogoa. Mkorosho unataka nafasi, siku hizi wanashauri mita 12 kwa 12, wewe mingi imegusana nadhani. Toa matawi ya ndani upepo na jua vipite, halafu vile vichipukizi vinavyoota kwenye shina wakati sio msimu ving'oe vyote kabla maua hayajaanza maana ubwiriunga unajificha hapo unasubiri. Ile mizee isiyozaa kata kidogokidogo ubebeshe au pandikiza miche bora, waulize watafiti wa kilimo wa TARI pale Naliendele uko nao jirani kabisa na Magomeni na wana mbegu zinazovumilia ugonjwa. Matawi uliyopogoa ndio kuni zako za jiko banifu mwaka mzima bila kugusa pori. Ila maganda ya korosho usichome jikoni, yale mafuta yake yanachubua ngozi na moshi wake ni mkali sana kwa macho na kifua cha watoto.

Dawa ya wadudu ndio unaweza kuacha mapema, kwa sababu ya sisimizi wanaoitwa maji moto. Wale sisimizi wekundu wanaojenga viota vya majani juu ya miembe, watu wanawachoma moto kwa vile wanang'ata. Usiwachome! Wanakula mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi wale wanaofyonza machipukizi na korosho changa. Nenda kwenye mwembe wako asubuhi utulie uangalie wanavyoshona, wanajipanga mstari wanavuta jani na jani kwa miguu, mwingine anakuja amebeba mtoto wao mdomoni anampitisha huku na huku kama sindano ya mshonaji na yule mtoto anatoa uzi mweupe. Ukitaka wahame, kata kiota jioni ukiweke kwenye mfuko, ning'iniza kwenye mkorosho na ufunge kamba mti hadi mti wapite bila kushuka chini maana chini kuna sisimizi wengine wadogo maadui zao. Jipake majivu mikononi. Na koloni moja usichanganye na nyingine wanauana.

Ukisikia wadudu wamepungua ubwiriunga bado upo, hivyo ni vitu viwili tofauti, maji moto hawatibu ukungu. Kwa hiyo salfa punguza kwa miti michache, pima mavuno, andika. Na chini ya mikorosho michanga panda kunde na njugu mawe, udongo wetu huu wa mchanga unataka majani na kunde kuliko unavyotaka mfuko wa mbolea.

fundi_wa_Magomeni

Nimewasomea wote wanne jana usiku tukiwa tumekaa nje, umeme ulikatika tukawasha taa ya sola tukaendelea. Tumekubaliana hivi. Mfuko mmoja hakuna, kila kaya itahudumia mikorosho ishirini na hela yake ni yake. Tutachangia tenki tu. Nyumba tunaanza na moja, ya dada mkubwa, yenye bati la mita 60, sisi wengine tutakuwa tunakuja jumamosi na likizo mpaka maji yatoshe. Mkutano wa kijiji ni tarehe ya mwisho wa mwezi, mjomba mdogo atatusindikiza. Rafiki yangu nimemwambia la kuandikiana, mwanzo alijisikia vibaya kidogo ila mkewe ndio akasema afadhali.

Pori linabaki. Dada anasema kuna bibi mmoja jirani huwa anaingia mle na kijembe kidogo, kumbe ni wa ming'oko, tutaanza na yeye.

Mama Newala, tenki la lita 20,000 tulichimbe na upana gani? Na tuwe mbali kiasi gani na miembe?

Mama_Newala

Sisi letu ni duara, upana mita 3 na kina mita 3, lita 21,000 hivi. Duara lina nguvu kuliko pembe nne, pembe ndio zinapasuka. Weka waya wa kuku kwenye plasta tabaka mbili, na ukimaliza kupiga plasta usiache likauke upesi, lowanisha magunia ulifunike siku saba ukimwagia asubuhi na jioni, kwa hiyo mnahitaji mapipa mawili ya maji kabla ya kuanza, hili watu wanalisahau. Mwembe wetu ulikuwa mita 5 na ukatufikia, nyie kaeni mita 15 au zaidi.

Chimbeni mwezi wa nane udongo ukiwa mkavu hauporomoki, mwisho wa wa kumi liwe limeshakauka. Mkianza niambie, nitakuja na wenzangu wawili tuliopiga plasta ya letu tukae siku mbili, nyie mtupikie tu. Mwanao wa pili nae aje, mwezi wa nane mbaazi ndio zinakauka atazichuma mwenyewe.